Klabu Ikishuka Daraja

Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, klabu ya chuo alichosoma Dokta Salha ilishuka daraja, na shahada yake ikashuka nayo, kama sheria inavyotaka. Iliwahi kushuka miaka ya nyuma, na ilipopanda walimrudishia udaktari. Leo wameunyakua tena. Aliwatukana wote, kipa, refa na waliotunga sheria, huku amempakata bintiye aliyekuwa akichemka kwa homa.

"Msimu ujao mtapanda tu, mke wangu," alisema Hamdani, macho kwenye runinga.

"Nyamaza! Mtoto anaungua, wewe unaniambia habari za msimu ujao?"

Akalivuta kabati lake la dawa. Halikufunguka. Akalipiga teke. Kabati likawaka taa, likamjibu kwa sauti ya upole:

"Pole, mama. Mpeleke mtoto kwa daktari."