Breki ya Mbele

Ng'ombe waliingia barabarani wakati Edda ameshaanza kuteremka.

Mama yake, Mektilda, aliwaona akiwa chini ya mteremko, pale Nangara, aliposimama na Pantaleo, mwalimu wa baiskeli. Kundi zima lilijipanga katikati ya lami. Mchungaji alichapa, akafoka, wapi! Ng'ombe wa Babati hana haraka na mtu.

"Usiogope, Mama Edda," Pantaleo alisema. "Nimemfundisha. Ashike usukani kwa chini, arudishe makalio nyuma, avute breki zote mbili. Ya mbele ndiyo inayosimamisha."

"Ya mbele ndiyo inayoua."

Ubishi huo ulikuwa wa miezi. Mjini hapa nani asiyejua kwamba breki ya mbele humpindua mtu? Ilimrusha Baba Edda na gunia lake la maharage, akazikwa wiki hiyo hiyo. Tangu hapo Edda alilelewa kuvuta ya nyuma tu. Mazoezini Pantaleo alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na binti hakuigusa ya mbele hata kwa bahati mbaya.

Leo ilikuwa siku ya mashindano, na Mektilda hakuwa amelala. Alfajiri aliazima spana kwa Baba Felix, jirani yake, akasema kitanda kinalia. Sasa alikuwa akipapasa fundo la khanga yake. Pantaleo alidhani ni nauli.

"Tena leo ameniahidi," mwalimu aliendelea. "Nilipomshusha na baiskeli kule juu, Sigino, akaniambia, 'Mwalimu, ikitokea hatari nitaivuta ya mbele.' Mtoto amekua."

Mektilda alimgeukia. "Amekuahidi? Edda?"

"Kwa mdomo wake."

"Mwambie asiivute! Mwambie aanze na ya nyuma, sasa hivi!"

"Mama Edda, acha uoga wako."

Edda alitokeza kwenye kona. Aliwaona ng'ombe. Mikono yake ikashuka kwenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, makalio yakarudi nyuma, vidole vikabana.

"Ameshika chini!" Pantaleo aliruka kwa furaha. "Ona, ameivuta! Ameivuta!"

Tairi la nyuma lililia, likayumba huku na huku. Baiskeli ikaendelea kuja.

"Vuta, Edda! Vuta yote!"

"Anavuta," Mektilda alisema. Hakuwahi kuogopa namna ile, hata siku walipomletea mumewe.

Pantaleo aliacha kurukaruka. Binti alikuwa akifanya kila kitu sawasawa, jinsi alivyofundishwa. "Sasa mbona haisimami?"

Mektilda alianza kukimbia. Mikono ilivuta khanga, fundo likafunguka. Raba mbili nyeusi za breki ya mbele zikadondoka kwenye lami, zikiwa bado na nati zake.