Hesabu za Ijumaa

Fundi bati aliijaza koni maji hadi ukingoni, akayamimina kwenye kopo lenye mdomo na kimo sawa na vya koni. Akarudia. Mara ya tatu kopo likajaa pomoni.

"Kumbe ndiyo maana unataka nigawe kwa tatu," alimwambia mwalimu. "Miaka thelathini natengeneza faneli na makopo, sikuwahi kujiuliza."

"Sasa andika, fundi. Na usisahau pai."

Aliandika polepole, ulimi nje kama mtoto wa chekechea, akiiga mwandiko wa binti yake. Shule aliiacha darasa la nne, na kichwa chake, alivyopenda kusema, kiliumbwa kwa ajili ya kubebea bati. Mwalimu akasahihisha kwa kalamu nyekundu. Hesabu moja aliiacha na kosa kwa makusudi, kwa sababu binti mwenyewe hakuwahi kupata zote.

Binti alikuwa amefariki miezi mitatu iliyopita, kwa homa ya uti wa mgongo, mama yake akiwa amelazwa kwa ugonjwa wa moyo. Daktari alionya kwamba mshtuko wowote ungemmaliza mgonjwa. Basi fundi akamwambia mkewe kuwa mtoto amehamia shule ya bweni, simu haziruhusiwi huko, ila daftari la hesabu litakuwa linatumwa kila Ijumaa. Uongo ule ulimkaba rohoni kila siku. Lakini alishazika mmoja, na wa pili asingemweza.

Sasa mkewe alikuwa amerudi nyumbani na anataka kumwona huyo mwalimu wa bweni, naye mwalimu akakubali kujifanya ndiye.

"Neno moja likikuponyoka tumemuua," fundi alisema walipofika mlangoni.

Mgonjwa aliegemea mito miwili, amekonda hadi pete inamcheza kidoleni. Alifungua daftari, akapitisha kidole taratibu juu ya hesabu, mstari kwa mstari.

"Anaendeleaje mwanangu?"

"Vizuri, mama. Hesabu za ujazo zimeanza kumwelea. Bado koni inamsumbua kidogo."

"Anakula?"

"Anakula," mwalimu alijibu, akiliangalia daftari.

"Anacheka na wenzake?"

"Sana, mama."

Fundi alikuwa amesimama ukutani, jasho linamtiririka, akimwangalia mkewe kifuani, anavyopumua.

"Mume wangu," mgonjwa alisema, "mgeni ataondoka hata chai hajanywa?"

Fundi alisita. Alimtupia mwalimu jicho la kumsihi, akaenda jikoni. Sufuria zikaanza kugongana.

Mgonjwa alifunga daftari. Akamvuta mwalimu karibu, akasema kwa sauti ya chini sana.

"Muuguzi wa zamu alinipa pole asubuhi ileile ya mazishi. Alidhani nimeshaambiwa. Sasa nisikilize, mwalimu: huyu bwana asijue kwamba najua. Wiki ile alipokosa hesabu za kuandika hakutia kitu mdomoni, alikaa tu kando ya kitanda changu anatazama ukuta. Mtungie nyingine. Ziwe nyingi."