Funguo za Lori la Marehemu

Masasi nzima hakuna aliyelijua lori lile kumshinda Bi Nakiete, ukiwaacha marehemu mumewe, fundi aliyelifufua, na lori lenyewe. Na siku hizo gari kuukuu lilikuwa halipewi kadi wala bima mpaka lihojiwe lenyewe.

"Bibi, babu alikuachia lori hili kwa hiari yake?" aliuliza karani.

"Funguo alinipa kwa mkono wake, mjukuu wangu."

Karani akachomeka waya chini ya usukani. Lori likakohoa kikohozi cha marehemu, kisha likasema kwa sauti ya mzee huyo: "Nakiete, nipe funguo. Leo siendi kwa bi mdogo, naapa. Kifua kinanibana, nataka hospitali."

Karani akageuka. Mkono wa Bi Nakiete ulikuwa umeshalifunika fundo la khanga, palepale alipozificha funguo siku ile.