Aliyesimama Mlangoni

Mume alikataa kiti tena. Alisimama mlangoni mwa chumba cha majeruhi, mgongo ukutani, kidevu kimekaa kiganjani, akimtazama mkewe kwa macho yasiyopepesa.

"Ameangukaje?" daktari aliuliza, huku akiipapasa shingo ya mgonjwa taratibu.

"Alikuwa anaanika nguo. Ghorofa ya pili. Ukingo wa roshani ukang'oka."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa chini."

Alijibu kwa mkato, bila hata kugeuza uso.

Daktari huyu mifupa haikumficha kitu. Ufa ambao wenzake huupita, yeye huutafuta mpaka aupate. "Shingo usiifanyie mzaha," alimwambia muuguzi aliyekishika kichwa cha mgonjwa. "Mtu huvunjika shingo akatembea, akazungumza, ukamdhania mzima. Halafu anavutwa vibaya mara moja tu, basi, miguu imekufa."

Shingo ya mke ilikuwa salama. Daktari akahamia kwenye visigino, maana anayeanguka kutoka juu hupasuka hapo kwanza. Kisha uti wa mgongo, ambako ufa hujificha nyuma ya maumivu mengine. Akabonyeza, akaagiza picha, akazisoma na kuzirudia. Visigino vizima. Mgongo mzima. Nyonga nzima. Kilichovunjika ni kifundo cha mkono wa kulia tu. Kidevu nacho kilikuwa kimevimba, midomo imepasuka, na mke hakuweza kutoa neno.

Daktari aliziweka picha chini. Hakuna anayetoka ghorofa ya pili akafika kwenye saruji na visigino vizima. Lakini kidevu kama kile alishakiona mara nyingi. Kilikuwa kidevu cha mtu aliyekula ngumi.

"Njia ya mwongo fupi," muuguzi alinong'ona. Naye alishaona.

Daktari alijikaza. "Kaka, tupishe kidogo."

Mume aligeuka mwili mzima kwa pamoja, kama kabati linalosogezwa. "Siondoki."

Mke akaanza kulia. Akaunyanyua mkono wake mzima kumwelekea mumewe, akatikisa kichwa kwa nguvu. "Asi..." alisema, damu ikimchuruzika. "Asi..."

"Usiogope, dada. Hakugusi tena."

Lakini daktari mwenyewe aliupima mlango kwa macho. Jamaa alikuwa na mabega ya mbeba magunia, na mlango ulikuwa nyuma yake. Trei ya mikasi ilikuwa karibu naye kuliko wao. Akiamua kufanya lolote, wanawake watatu watapitia wapi?

Mume akapiga hatua kuelekea kitandani.

"Mlinzi!" daktari akapiga ukelele.

Mlinzi wa zamu, ambaye hospitali nzima ilimwita Winchi kwa jinsi alivyonyanyua watu, aliingia mbio. Hakuuliza. Akamkamata mume ukosi wa shati kwa nyuma.

"Twende nje, bwana mkubwa. Kapigane na wanaume wenzako."

Mume hakukunja ngumi wala hakutukana. Mikono yote miwili ilikuwa juu, imeshika kichwa. "Taratibu, ndugu yangu," alisema. "Nakuomba, tarati..."

Winchi akamvuta kwa mkupuo mmoja. Mlango ukajifunga nyuma yao.

Daktari alishusha pumzi na kuegemea ukuta. Kitandani, mke alikuwa akipigapiga godoro kwa kiganja, macho yamemtoka pima.

"Daktari!" Winchi aliita kutoka koridoni, akicheka. "Njoo uone sinema! Jamaa kaanguka kama gunia, anadai hasikii miguu!"

"Mwache hapohapo na maigizo yake!"

Daktari alimwinamia mke, akamfuta damu midomoni kwa pamba. "Haya, dada yangu, sasa hayupo. Sema bila woga. Alikupiga na nini?"

Mke akalikamata koti la daktari, akailazimisha midomo ifunguke.

"Alinidaka," alisema. "Nilimwangukia kichwani."