Sinia Moja

Mjinga wa siku ile alikuwa Mwinjuma mwenyewe, wala tusimtafutie wakili. Kaka yake, Shomari, alimwalika kula, mara ya kwanza tangu wagombanie nyumba ya baba yao. Mwanahawa, mke wa Shomari, akatenga sinia la wali na maharage ya nazi. Mwinjuma akatoa kwenye mfuko wake kibakuli cha wali mkavu na karoti za kuchemsha. Tumbo lake halitabiriki, na daktari alishamkataza maharage na vitunguu. Lakini habari za choo unazianzaje mbele ya shemeji?

"Umekuja na chako?" Shomari akauliza. "Unadhani nimekutilia sumu?"

Mwinjuma akakifunika kibakuli, akamega wali, akachovya maharage, akala. Hakusikia utamu wala uchungu. Mkono ulikwenda na kurudi kama wa mtu mwingine. Mara tumbo likanguruma, wote wakalisikia. Akatoka mbio.

Alirudi jasho limemkauka usoni. "Ni tumbo, kaka. Maharage siyawezi tena."

"Tangu lini mtoto wa baba yangu akashindwa na maharage?" Shomari akafoka. "Sisi tumekula sinia moja tangu utotoni!"

Mwanahawa akakifunua kibakuli, akamimina wali na karoti kwenye sinia, upande wa Mwinjuma. Mvuke wa maharage ukapita juu ya karoti.

"Sinia bado ni moja," akamwambia mumewe. "Ila chooni mbona hukumsindikiza? Sogeza mkono."