Herufi za Mlango wa Nyuma

"Mzee, hizo herufi ziache, ndizo urembo!" Shiundu alinipigia kelele tena. Mkwe wangu huyu ametuletea pikapu nyeupe badala ya ng'ombe wa mahari.

Nimezunguka nchi hii sana, na sijaona mlango wa nyuma wa pikapu wenye maandishi makubwa hivyo. Yananichosha macho. Nikaimwagia herufi ya kwanza ya plastiki maji moto kulainisha gundi, nikapitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma yake, nikausugua kama msumeno.

"Kwani husikiangi?"

Herufi ilibanduka na ganda la rangi nyeupe. Chini yake palikuwa na buluu, na ndani ya buluu unywele wa brashi ulioganda. Brashi yangu. Mimi ndiye niliyeipaka rangi hiyo pikapu ya kanisa letu, ile iliyoibwa Pasaka tukaiombea mpaka magoti yakauma.

Nikafunika pale kwa kidole gumba. Jikoni binti yangu alikuwa akiimba na shangazi zake. Getini pasta alikuwa anaingia na Biblia, amekuja kubariki gari.

"Baba," Shiundu akanong'ona. Hajawahi kuniita hivyo. "Baba, tafadhali."

"Pasta," nikaita, "anzia huku nyuma."

Nikatoa kidole.