Sheria ya Anders

Gavana aliandika herufi mbili za jina lake, akaweka kalamu chini, akachukua nyingine. Ndivyo sheria kubwa zinavyotiwa sahihi huku, ili kila aliyehangaika aende na kalamu yake. Ya kwanza alipewa Kirsten Brandvold. Ukumbi mzima ukampigia makofi.

Mwanawe Anders hakuwepo. Alikuwa nyumbani na bibi yake, amejifungia bafuni, ananawa mikono mpaka inatoka damu.

Alianza kwa kuumwa koo, akiwa na miaka saba. Koo likapona, lakini kinga ya mwili ikageuka na kuushambulia ubongo. Asubuhi moja akaamka si yule: anapiga mayowe, anakataa kula, anadai mama yake ametia sumu kwenye viazi. Daktari aliagiza dripu ya kuituliza kinga hiyo. Bima ikakataa, na mwaka uliofuata ikakataa tena. Dripu moja ni bei ya gari, na gari walishauza.

Ndipo Kirsten alipoanza kugonga milango ya wabunge wa jimbo. Dua la kuku halimpati mwewe, watu walimwambia. Mwanamke yule hakusikia la mtu. Aligonga, picha ya mtoto mkononi, mpaka mswada wa kuzilazimisha bima zilipie dripu hiyo ukapewa jina la Anders.

"Umetuokoa, dada," mama mmoja alimkumbatia, akilia. "Wangu anaanza dripu wiki ijayo."

Hata meneja wa kiwanda cha matrekta, anakofanya kazi mumewe Curt, alijipenyeza kupiga picha na gavana.

"Sisi watu wetu tunawatibu kwa mfuko wetu," alijigamba.

"Ndiyo maana tai yako ni ya mwaka jana, bosi," Curt akamtania, wakacheka.

Asubuhi iliyofuata Kirsten aliwapigia simu watu wa bima, akawasomea namba ya kadi. Safari hii hakubembeleza.

"Sasa ni sheria," alisema. "Nataka dripu ya mwanangu."

Mhudumu alibofya kompyuta kwa muda. "Pole sana, mama. Hiyo Sheria ya Anders inawabana wanaouza bima. Nyie mnalipiwa na kiwanda chenyewe, sisi tunashika makaratasi tu. Mwajiri anayejilipia hivyo yuko chini ya sheria ya taifa, ya jimbo haimgusi, na kiwanda kilishasema hapana. Nikuandikie rufaa? Mgonjwa anaitwa nani?"

"Anders," alisema Kirsten.